Nyumba Moja Chini ya Bwawa

Mtu wa serikali alipofika bwawani hakulitazama bwawa. Alipanda juu ya tuta, akayapa maji mgongo, akasimama anatazama bondeni huku upepo wa Ufipa ukimjaza shati mpaka likavimba kama mfuko. Eustaki, mwenye bwawa, alikuwa amejiandaa kumwonyesha kila kitu: mahali alipopanda nyasi ili udongo usimomonyoke, mahali alipoweka miiba kuzuia ng'ombe wa wafugaji wasikanyage tuta, na ule mdomo wa pembeni ambako maji ya ziada hutokea wakati wa masika. Maneno yote alikuwa ameyapanga kichwani. Sasa hakuwa na wa kumwambia.

"Nyumba ile ya nani?" yule bwana aliuliza.

"Ipi, mheshimiwa?"

"Mheshimiwa ni mbunge. Mimi naitwa Isakwisa. Ile pale, inayofuka moshi."

"Aa, ile! Ile ni ya mama tu."

Redempta, mke wa Eustaki, alikuwa nyuma yao ameshika ncha ya utepe wa kupimia. Aliisikia ile "tu" ya mumewe, akatazama miguu yake. Alikuwa mwanamke wa kutazama miguu yake. Hata kanisani, wenzake wakiinua sauti, yeye alisogeza midomo.

Isakwisa alipima urefu wa tuta, kimo chake na upana wake, akaandika. Kisha akasema anataka kushuka.

"Kule chini hakuna bwawa," Eustaki alisema.

"Najua, mzee. Ndiyo maana nataka kushuka."

Walishuka kwa kijia kilichopita katikati ya vitunguu na kabichi, vyote vikinywa maji ya bwawa hilo kwa mifereji ya kuchimbwa kwa jembe. Chini zaidi palikuwa na ntumba, yale matuta ya mviringo ambamo wakulima wa huko hufukia majani ili yaoze yawe mbolea. Baada ya ntumba ilikuwepo nyumba ya Stefania: vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, bati lililoshika kutu upande mmoja, ua uliofagiwa mpaka ukaonyesha mistari ya ufagio. Nyuma ya nyumba lilikuwepo kaburi la mumewe, limezungushiwa mawe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kigoda hicho, kaa. Mgeni hasimami kama mti."

Stefania aliingia ndani akatoka na viazi vya kuchemsha kwenye sahani ya bati. Hakumuuliza mgeni kama ana njaa. Kwake swali hilo lilikuwa tusi. Isakwisa alimenya kiazi cha moto kwa vidole, akakipuliza.

"Bibi, hapa unaishi na nani?"

"Na Mungu, na kuku wanane."

"Na usiku unalala hapa hapa?"

Eustaki alikohoa. "Wakati mwingine hulala kwangu, kule juu."

Stefania alimgeukia mwanawe polepole. "Mimi? Lini? Tangu niletwe mahali hapa nikiwa mwali sijalala kwa mtu, isipokuwa siku mbili za hospitali, nazo ulinilaza wewe wakati nakuzaa." Akamrudia mgeni. "Andika, mwanangu. Stefania analala kwake."

Isakwisa aliandika. Aliposimama kuondoka, bibi alimfungia viazi vitatu kwenye karatasi, vya njiani.

"Mtaletewa barua," Isakwisa alimwambia Eustaki walipopanda tena juu, akiwasha pikipiki. "Mfuate yaliyoandikwa. Yote."

* * *

Barua ilikuja mwezi wa tisa, mkononi mwa mtendaji wa kijiji, ndani ya bahasha ya kaki. Mtendaji alikuwa na haraka ya msiba, akaiacha akaenda.

Nyumba ya Eustaki ilikuwa na msomaji mmoja wa kweli, naye hakuwepo. Bertila, binti yao, alikuwa kidato cha pili, bweni, Namanyere. Eustaki aliacha shule mapema akafuata jembe. Aliweza kuandika jina lake na kusoma bei. Aliyebaki ni Redempta, aliyefika darasa la sita, kisha mama yake akaugua na akahitajika mtu wa kuchota maji. Alikuwa akisoma misale ya kanisani kwa kidole, na pakiti za mbegu. Barua ya serikali hakuwahi kuisoma.

"Soma, Mama Bertila," Eustaki alisema.

Ua ulikuwa na watu. Jirani yao Epifania alikuwa amekuja kusaidia kupukuchua maharage, na wanaume wawili waliokuja kununua miche walikuwa wamekaa kwenye gogo. Redempta alifuta mikono kwenye kitenge. Alitamani aseme, *nitaisoma kwanza peke yangu*. Lakini wote walikuwa wamenyamaza wanamngoja, na ukimya wa watu ulikuwa kitu kilichomshinda tangu utotoni.

Akasoma. Alikwenda neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"'Bwawa lako limewekwa katika daraja la hatari kubwa. Sababu. Nyumba moja inayokaliwa, mtu mmoja, mita mia tatu na themanini chini ya tuta.'"

"Hatari kubwa?" Eustaki alisimama. "Tuta langu? Tuta nililolishindilia kwa miguu ya ng'ombe sita? Lina ufa gani?"

"Ngoja amalize, Baba Bertila," Epifania alisema. "Unamkatiza."

"'Daraja hili ha-halitokani na ubovu wa tuta, bali na madhara yatakayowapata walio chini endapo tuta litabomoka. Unatakiwa ndani ya siku tisini kutekeleza hatua za kupunguza hatari kama zilivyoainishwa katika ki... katika kiambatisho, au kumwajiri mhandisi aliyesajiliwa. Usipotekeleza, bwawa litafunguliwa maji.'"

Kiambatisho. Neno hilo hakuwahi kukutana nalo. Alilipita kama unavyompita mtu usiyemjua njiani, ukiinamisha kichwa.

"Basi?"

"Kuna karatasi ya pili."

"Soma."

Aliifunua. Ilikuwa na jedwali. Mistari, namba zenye nukta, herufi zilizosimama peke yake bila neno, na chini ya jedwali maneno yaliyobanana: kimo cha ukingo, ujazo, kiwango cha kumwagia. Alilisoma la kwanza moyoni, halafu la pili, na alipofika la tatu lile la kwanza lilikuwa limemtoka. Mmoja wa wanaume kwenye gogo alimnong'oneza mwenzake jambo, wakacheka kidogo. Labda walicheka ya miche. Redempta aliyahisi masikio yake yakiwaka moto.

"Ni vipimo tu," alisema. "Vya wataalamu."

Akazikunja karatasi zote mbili pamoja.

Eustaki hakuomba zaidi. Alikuwa tayari ana alichokisikia. "Mhandisi," alisema. "Nilimuuliza jamaa mmoja mjini alipoanza huyu kijana kuja-kuja. Mhandisi wa kuandikishwa ni milioni nne, kabla hajashika hata jembe. Milioni nne!" Akatembea mpaka mwisho wa ua akarudi. "Na wakifungua maji, vitunguu vimekwisha, samaki wamekwisha, na Bertila anarudi nyumbani."

"Mpigie huyo kijana," Epifania alisema. "Namba si ipo hapo chini?"

"Ukimpigia mtu wa serikali unamkumbusha kwamba upo."

"Haya. Sasa?"

Eustaki aligeuka. Alitazama bondeni, kule moshi mwembamba ulikokuwa ukipanda, naye sasa alikuwa amesimama vile vile alivyosimama Isakwisa juu ya tuta.

"Amesema tuta si bovu," alisema. "Umesikia wewe mwenyewe. Tatizo ni nyumba. Nyumba moja, mtu mmoja. Isingekuwepo nyumba, hatari isingekuwepo."

Maharage yaliendelea kudondoka kwenye ungo.

* * *

Ilimchukua Eustaki siku nne kushuka kwa mama yake, na alipokwenda alimchukua Redempta ili asiende peke yake. Alimbebea mama sukari kilo mbili. Stefania aliipokea, akaipima kwa mkono, akaiweka chini.

"Kilo mbili," alisema. "Nani kafa?"

"Hakuna, mama."

"Basi nani atakufa? Sema. Baba yako alikuwa hivyo hivyo, jambo baya alinizungushia sukari."

Eustaki alianza mbali. Alisema habari za mvua ya mwaka huu inavyotabiriwa. Alisema habari za ada. Alisema jinsi nyumba yake ya juu ilivyo na chumba cha stoo ambacho kikitolewa magunia kinakuwa chumba kizuri tu, chenye dirisha. Stefania alisikiliza, mikono mapajani, kama anayesikiliza mahubiri ya padri mgeni.

"Bwawa lako lina miaka mingapi?" aliuliza alipomaliza.

"Kumi na moja."

"Na mimi hapa?"

Eustaki alikuna shingo.

"Nakuuliza, Eustaki."

"Hamsini na... na ngapi, mama, sijui."

"Hamsini na mitatu. Maji yalinikuta hapa. Ulikuja ukaniambia, mama, nataka kuziba kijito kule juu. Nikasema ziba, mwanangu. Nilikupikia na pombe ya watu waliochimba." Akaisogeza sukari kando. "Kwa hiyo kule kwenye karatasi, hiyo hatari iliyoandikwa, ni mimi?"

"Si wewe, mama. Ni mahali."

"Mahali pana miguu?"

Redempta alitaka kusema jambo. Alitaka kusema kwamba iko karatasi ya pili, kwamba hakuisoma vizuri, kwamba pengine katekista angeweza. Karatasi zilikuwa nyumbani, ndani ya bati la biskuti, chini ya vyeti vya ubatizo. Neno lilimfika kooni. Lakini kulitoa ilikuwa ni kusema mbele ya mume na mama mkwe kwamba siku ile alidanganya, na siku nne zilikuwa zimekwisha kupita, na kila siku iliyopita iliufanya ule uongo mdogo uwe mzito zaidi. Akanyanyuka akaenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Stefania alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Bertila anasoma vizuri?"

"Wa tatu darasani."

"Haya," alisema. "Nitapanda huko juu. Lakini nyumba hii ilisimamishwa kwa pombe yangu. Marehemu baba yako aliita watu, wakafyatua matofali, wakachoma, wakajenga, na kila aliyeshika tofali alikunywa mkononi mwangu. Haitabomolewa kwa pombe ya mwanamke mwingine. Niletee ulezi debe mbili."

"Mama, tunaweza kulipa vijana tu, wakaja na..."

"Debe mbili, Eustaki. Na kuni."

* * *

Pombe ya ulezi haina haraka. Stefania aliloweka ulezi, akauotesha chini ya majani mpaka ukatoa vijimizizi vyeupe, akauanika, akausaga. Redempta alishuka kila asubuhi kumsaidia. Walikoroga pamoja kwa mwiko mrefu, mmoja akichoka anampa mwenzake. Mkwe na mama mkwe hawakuwa watu wa maneno mengi, na kwa miaka kumi na minane ukimya huo ulikuwa umewafaa.

"Siku hizi wanawake wanaweka sukari ili iumuke upesi," Stefania alisema siku moja, akionja kwa ncha ya kidole. "Pombe ya sukari inaumiza kichwa. Watu wakikufanyia kazi usiwape maumivu."

"Ndiyo, mama."

"Mitungi mitatu inatosha watu kumi na watano kwa kazi ya siku tatu. Hiyo ndiyo hesabu. Ikizidi wanalewa kabla ya kazi, ikipungua wanakusema."

"Kubomoa itachukua siku tatu?"

"Kubomoa? Kubomoa ni nusu siku, mwanangu. Lakini mimi nimezoea kupikia kazi."

Siku yenyewe Redempta alifika mapema, akamkuta anafagia. Alikuwa amekwisha fagia ua, sasa anafagia chumba, akiinama mpaka pembeni kabisa, akitoa utando wa buibui kwa mpini wa ufagio.

"Mama, unafagia nini?"

"Nyumba."

Takataka alizizoa kwa kipande cha debe, akaenda kuzitupa kwenye shimo lake, pale pale alipozitupa siku zote.

Walikuja wanaume kumi na watano na wanawake kadhaa. Katika kazi za kuitana watu huimba. Wapo wanaojulikana kwa kuanzisha, na majembe hupanda na kushuka kwa pamoja. Siku hiyo mwanzishaji alikuwepo, amesimama na nyundo, na watu walimtazama, naye akatazama bati. Hakuanzisha. Walipanda kimya, wakang'oa misumari mmoja mmoja, maana misumari ingetumika tena.

Kijana mmoja alijaribu kuchangamsha. "Bibi, wewe ni mwanamke wa shoka! Tukijenga unatunywesha, tukibomoa unatunywesha. Tubomoe na kanisa basi!"

Watu walitazama chini. Lakini Stefania alicheka, akamjazia kata. "Kunywa, mjukuu wangu. Babu yako alibeba matofali ya ukuta huo akadondosha moja kidoleni. Mpaka anakufa alinidai ukucha."

Hapo wakacheka, na kazi ikaenda mbele. Ukuta wa mashariki ulianguka kwanza, ukatoa vumbi jekundu lililokwenda na upepo mpaka kwenye vitunguu. Eustaki alifanya kazi kuliko wote. Hakunywa. Mama yake alimletea kata mara mbili, na mara zote mbili alisema, "Baadaye, mama."

Saa saba kazi ilikuwa imekwisha. Mitungi miwili ilibaki haijaguswa. Wanaume walikaa kwenye marundo ya matofali wakanywa kwa adabu, kama watu walio matangani, halafu wakaaga mmoja mmoja kwa mikono miwili. Eustaki alitoa simu akapiga picha ya mahali pale, mara tatu, ili isije ikakosekana.

Mawe matatu ya jiko Stefania hakumruhusu mtu kuyabeba. Alipanda nayo mlimani, moja moja, safari tatu, na Redempta alitembea nyuma yake akiwa na godoro kichwani.

* * *

Chumba cha stoo kilikuwa na dirisha kama alivyosema Eustaki, ila lilitazama ukuta wa choo. Magunia ya mahindi hayakwisha yote. Matano yalibaki, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine, na panya waliyafuata. Mitungi ya pombe ilikuwa mipana kuliko mlango. Ikaachwa nje chini ya mchongoma, na kuku akaanza kutagia ndani ya mmoja.

Mawe matatu ya jiko aliyapanga nyuma ya nyumba. Lakini nyuma ya nyumba palikuwa na upepo mkali wa juu, na moshi uliingia chumbani kwa Eustaki, na Eustaki akasema kwa upole, "Mama, kwa nini uhangaike? Si kuna jiko la Mama Bertila?" Kwa hiyo Stefania, aliyelisha wageni wa serikali bila kuwauliza kama wana njaa, alianza kusimama mlangoni mwa jiko la mkwewe.

"Mama Bertila, naweza kuchemsha maji kidogo?"

"Mama, usiombe! Ni jiko lako."

"Asante."

Kesho yake aliomba tena, kwa maneno yale yale. Redempta aliyasikia kila siku, asubuhi na jioni, na kila mara aliona kama anachapwa. Bibi hakuwa na nia ya kumchapa. Alikuwa anatumia heshima ile anayoijua mgeni katika nyumba ya watu.

Mchana Stefania alikaa ubavuni mwa nyumba, mahali ambapo bonde lilionekana. Ntumba zilionekana, na mfereji, na mstatili wa udongo mwekundu ambapo majani yalikuwa bado hayajathubutu kuota. Mawe ya kaburi hayakuonekana kwa mbali hivyo. Alikuwa amepungua. Kitenge kilichomzunguka mara moja na nusu sasa kilimzunguka mara mbili.

* * *

Isakwisa alirudi wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, mvua za kwanza zikiwa zimekwisha anza. Eustaki alikuwa amepeleka vitunguu sokoni Mazwi. Redempta ndiye aliyepanda naye kwenye tuta.

Alifanya vile vile: akayapa maji mgongo, akatazama bondeni. Safari hii alitazama kwa muda mrefu.

"Nyumba iko wapi?"

"Tumeiondoa."

"Mmeiondoa! Na bibi?"

"Yuko nyumbani. Kwetu, juu."

Isakwisa alivua kofia. Alikuwa kijana, Redempta aliona sasa, labda hakuwa na miaka thelathini. "Dada, nani aliwaambia muiondoe?"

"Barua," Redempta alisema. "Nyumba moja, mtu mmoja."

"Hiyo ni sababu. Hatua nilizieleza kwenye kiambatisho. Hamkukisoma kiambatisho?"

Upepo ulipita juu ya maji ukayakunja. Redempta alitazama miguu yake, na miguu yake haikumsaidia. Akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu aache shule alimwuliza mtu swali ambalo lingemwonyesha hajui.

"Kiambatisho ni nini?"

Isakwisa alimtazama, akaelewa, na yeye ndiye sasa aliyetazama chini. Alifungua jalada lake, akatoa nakala ya ile karatasi ya pili. "Ni karatasi inayofuata barua. Hii." Akachuchumaa kwenye nyasi za tuta, akaiweka juu ya goti, naye Redempta akachuchumaa kando yake.

"Hapa nimeandika hivi. Ule mdomo wa pembeni, mnaushusha. Mnauchimba futi nne kwenda chini, na kuupanua. Maji yakifika hapo yanatoka yenyewe, hayawezi kujaa kama sasa. Bwawa linakuwa dogo kidogo. Likiwa dogo, hata tuta likibomoka, maji hayafiki kwenye nyumba, yanaishia kwenye vitunguu. Daraja linashuka. Bila kumhamisha mtu." Alionyesha mstari wa mwisho kwa kalamu. "Nikaandika na kazi yenyewe, ili msiogope gharama. Watu kumi na watano, majembe, siku tatu."

Redempta aliusoma mstari huo mwenyewe. Kumi na watano. Siku tatu. Maneno hayo yote aliyajua. Yalikuwa chini kabisa, chini ya jedwali, mahali ambapo macho yake hayakufika siku ile.

"Nilirudia hesabu hizo mara mbili, kwa sababu ya yule bibi," Isakwisa alisema taratibu. "Vile viazi nilivila pale njia panda ya Mwimbi."

Aliandika fomu yake. *Makazi chini ya tuta: hakuna. Daraja la hatari: dogo.* Akampa asaini kwa niaba ya mwenye bwawa, naye akasaini kwa herufi kubwa za darasa la sita. Ile karatasi ya pili aliiacha mkononi mwa Redempta. Alisema angependa kumsalimu bibi, kisha akatazama saa, akatazama mawingu, akasema siku nyingine.

* * *

Redempta angeweza kuitia karatasi kwenye moto. Alilifikiria hilo njia nzima, na jiko lilikuwa linawaka alipofika. Lakini Stefania alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi.

"Mama Bertila, naweza kuchemsha..."

"Mama, kaa. Nina kitu cha kukusomea."

Alimketisha ubavuni mwa nyumba, mahali pake pa kutazamia bonde, akakaa chini kwenye nyasi, akasoma. Alisoma yote, na jedwali, na namba zenye nukta. Palipokuwa na neno gumu alilieleza kama alivyoelezwa juu ya tuta. Alipomaliza alisema, "Hii ndiyo karatasi niliyosema ni vipimo. Sikuielewa. Niliona haya, watu walikuwa wengi. Nikasema ni vipimo."

Stefania hakugeuka. Alikuwa anatazama kule chini, kwenye ule mstatili mwekundu, ambao kwa mvua za wiki hiyo ulikuwa umeanza kupata kijani.

"Mimi sijui kusoma hata a," alisema mwishowe. "Ungeniambia hujui, ningekucheka? Tungecheka wote wawili."

Redempta alilia. Alilia bila sauti, kama alivyoimba kanisani.

"Umemwambia mume wako?"

"Bado. Atarudi jioni."

"Usimwambie."

"Mama, lazima..."

"Usimwambie, nimesema. Akijua hataweza kunitazama usoni, na mimi sasa nakaa kwake. Nyumba isiyo yako, heri mwenyewe akutazame." Alinyoosha mkono akaichukua karatasi, akaishika juu chini, akaipapasa kama anayetafuta mahali ilipochanika. "Hebu niambie tena pale mwisho. Wangapi?"

"Watu kumi na watano."

"Siku?"

"Tatu."

Midomo ya bibi ilisogea, anahesabu. Kule chini ya mchongoma kuku alitoka ndani ya mtungi, akalia kutangaza yai lake, kisha akanyamaza.

"Mitungi mitatu," Stefania alisema. "Pombe ile ile ingetosha."